Kilimia kina nyota ngapi? Maswali yenu kuhusu mafungunyota

Toleo lililopita nilieleza kidogo kuhusu kazi yangu ya astrofizikia, nikasema kitu ninachokifuatilia hasa ni mafungunyota, yaani nyota zilizozaliwa pamoja toka wingu moja la gesi na vumbi na mpaka leo zinatembea pamoja huko angani. Basi maswali yameingia mpaka nimeshangaa, mengine mmetuma kwa sauti, mengine mmeandika saa nane za usiku, na nimefurahi kweli. Nimechukua saba, mengine nitayajibu polepole.

Dokta, ni kweli wewe unalala mchana na usiku kucha uko kwa darubini? Nataka hiyo kazi lakini mama anasema nitaugua. (Mwanafunzi wa S5, Mbale)

Mwambie mama asiogope. Mwaka jana mzima nilikaa kwa darubini siku saba tu, na katika hizo saba nne zilikuwa mawingu, tukakaa tunangoja kama watu wanaongoja basi. Hiyo ilikuwa Sutherland, mji mdogo wa Afrika Kusini wenye baridi kali, unatoka Cape Town unaendesha karibu kilomita 370 afu unapanda mlima wa zaidi ya mita 1,700. Pale juu ndo kuna ile darubini kubwa inaitwa SALT, ilizinduliwa 2005, kioo chake kimeunganishwa kwa vipande 91 vya pembe sita. Mi sikuitumia hiyo, nilipewa ndogo ya kioo cha mita 1. Usiku magari hayawashi taa kubwa huko juu ili mwanga usiharibu picha, mnatembea mnapapasa, na ndani ya chumba hakuna anayechungulia kwenye tundu, ni skrini, jaketi na chai. Lakini usiku wa tano anga likafunguka, tukaelekeza kwa fungunyota linaloitwa 47 Tucanae, picha ya sekunde 60 ikashuka kwa skrini polepole toka juu kwenda chini, nikaona nyota zimejaa kama mtama kwenye ungo, katikati zimesongamana mpaka huwezi kutenganisha moja na nyingine. Nilinyamaza kabisa. Mwenzangu akaniuliza mara mbili kama niko sawa.

Zile siku nyingine zote za mwaka ni laptopu. Asubuhi nafundisha fizikia mwaka wa kwanza, nasahihisha, afu mchana nafungua data. Data yenyewe sanasana inatoka kwa satelaiti ya Ulaya inaitwa Gaia, ilirushwa Desemba 2013 ikapima anga mpaka Januari 2025, na orodha waliyotoa 2022 ina nyota karibu bilioni 1.8. Bure! Hakuna nenosiri wala kulipa, hata wewe hapo Mbale ukiwa na intaneti unaishusha. Sasa kazi yangu kubwa ni kujua katika hizo zote nani ni ndugu wa nani, maana ukitazama upande mmoja wa anga unaona nyota za karibu na za mbali zimechanganyika zote. Fikiria jamu ya Jinja Road hapa Kampala Jumamosi halafu katikati kuna msafara wa kwanjula, ile sherehe ya bwana harusi kutambulishwa kwa wakwe. Hata wakivua zile ribbon utawajua tu, kwa sababu wanaenda upande mmoja, kwa mwendo mmoja, wakikata kona wanakata wote. Nyota nazo ni hivyo hivyo. Napima kila moja inasogea upande gani na kwa kasi gani na iko umbali gani, zile zinazokubaliana naziweka kwa orodha, zile zilizojipenyeza tu nazitoa. Kuna wiki nzima inaisha nikibishana na wenzangu kuhusu nyota thelathini.

Na kuna sehemu ya pili, kuigiza fungunyota ndani ya kompyuta. Kila nyota inavuta kila nyota, kwa hiyo ukiwa na nyota 1,000 una jozi 499,500 za kuhesabu, umemaliza unazisogeza kidogo unaanza tena, mara maelfu na maelfu. Ukiongeza nyota mara kumi jozi zinaongezeka mara mia. Siwezi kusahau mwaka niliokuwa nafanya uzamili, hesabu yangu imekimbia siku tisa umeme ukaenda, betri ya chumba tuliyoahidiwa inashika haikushika hata dakika tano, nikapoteza zote tisa. Nililia. Tangu hapo programu yangu inajihifadhi kila saa moja, na wewe ukianza kuandika programu anza hivyo.

Nyanya yangu alikuwa anasema Kilimia kikipotea usishangae mvua. Je, kweli Kilimia kinaleta mvua? Na watoto darasani wanabishana, wengine wanaona nyota sita wengine saba, niwaambie ngapi? (Mwalimu, Busia)

Mwalimu, swali lako ndo limenifanya niandike safu hii usiku huu huu. Kilimia ni kile kikundi kidogo cha nyota, Kiingereza Pleiades, jina lenyewe linatoka kwa kulima, na wazee wana ule msemo, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mi nauona ni uchunguzi safi wa anga. Kilimia kila mwaka kinafichwa na mwanga wa jua, mwishoni mwa mwezi wa nne hivi kinazama magharibi jioni hukioni tena, afu mwezi wa sita kinatokea mashariki alfajiri. Sasa hapo Busia mwezi wa nne na wa tano ni mvua, mwezi wa sita mvua inapungua, kwa hiyo kimezama kwa mvua kimezuka kwa jua, sawasawa na msemo. Lakini hakileti mvua. Vyote viwili, mvua na Kilimia, vinafuata dunia inavyozunguka jua, kwa hiyo kimoja kinakuwa kalenda ya kingine. Nyanya alikuwa anasoma kalenda, na alikuwa anaisoma vizuri.

Idadi: watoto wote wako sawa. Macho ya kawaida yanaona sita, anga likiwa safi mwenye macho makali anaona saba na zaidi. Galileo alipoelekezea darubini yake akachapisha mchoro mwaka 1610 akachora 36. Leo tunajua zinapita 1,000, nyingi ni ndogo na hafifu. Na uwafundishe tofauti ya maneno mawili, kundinyota ni nyota ambazo sisi watu tumeziunganisha kwa macho tu, kama Jabari, zenyewe hazijuani, moja iko karibu nyingine iko mbali kabisa. Fungunyota ni familia ya kweli. Kilimia ni fungunyota.

Umbali wake ulileta ugomvi mkubwa kwenye fani yetu, na nataka watoto wausikie. Tunapima hivi: mtoto ainue kidole mbele ya uso, afumbe jicho moja, afu abadilishe, kidole kinaonekana kinaruka. Sisi macho yetu mawili ni dunia ikiwa upande huu wa jua na dunia ikiwa upande ule miezi sita baadaye. Kwa Kilimia ile pembe tunayoipima ni ndogo sana, ni karibu sawa na upana wa kidole cha mtu aliyesimama Nairobi ukimtazama toka Kampala. Satelaiti ya Hipparcos, matokeo yake yalitoka 1997, ikasema Kilimia kiko miaka nuru 390 hivi (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga unaenda kwa mwaka mmoja). Watu wengine kwa njia nyingine wanapata 440. Ukikubali ile fupi basi nyota za Kilimia zinakuwa hafifu kuliko fizikia inavyotaka, yaani hesabu zetu zote za nyota changa zina kasoro! Miaka karibu ishirini watu wanavutana. Mwaka 2014 timu moja ikaunganisha darubini za redio zilizo mbali mbali zifanye kazi kama moja, ikapata miaka nuru 444 hivi, na Gaia nayo ikaja ikakubaliana na hiyo. Hipparcos ilikuwa imekosea hapo. Ilikuwa chombo kizuri, kilipima nyota zaidi ya laki moja na kazi yake tunaitumia mpaka leo, lakini hapo kilikosea, na hakuna aliyejua mpaka watu wengine walipopima upya.

Mnasema nyota ina miaka milioni mia, mlikuwepo? (Mwendesha boda, Jinja)

Hatukuwepo ndugu yangu, na swali lako ni la haki kabisa. Nyota moja peke yake ni vigumu sana kuijua umri, ndo maana tunapenda mafungunyota.

Chukua sigiri ishirini za ukubwa tofauti, kubwa ya hoteli mpaka ile ndogo ya chai, jaza makaa, washa zote saa moja jioni, uondoke. Mimi nije baadaye bila saa. Sasa sigiri za angani zina tabia moja, kubwa ina makaa mengi lakini inakula kwa pupa, kwa hiyo inaisha kwanza, ndogo inakula polepole inakesha. Mi nikija nikakuta ile kubwa kabisa imezima, ya pili inapumua, nyingine zote zinawaka, nitakwambia zimewashwa lini bila kuuliza mtu. Nyota yenye uzito mara kumi wa jua letu inaishi miaka milioni ishirini, thelathini hivi. Jua letu lina karibu bilioni 10. Kwa hiyo kwa fungunyota ninatafuta tu ni ukubwa gani ndo unaanza kuzima sasa hivi.

Tunaiona kwa grafu, rangi ya nyota chini na mwangaza wake pembeni. Mdenmark mmoja, Ejnar Hertzsprung, alichora grafu kama hizo mwaka 1911 akitumia nyota za Kilimia na za Hyades, lile fungunyota lenye umbo la V karibu na nyota nyekundu ya Dabarani. Ofisini kwangu nimebandika yangu ukutani, karatasi ya A4, ni mstari wa nukta unaopanda toka kulia chini kwenda kushoto juu, afu mahali fulani unakata kona ghafla kuelekea kulia. Ile kona ndo saa. Kilimia kona iko juu sana, kina kama miaka milioni 100 na kitu. Hyades imeshuka, milioni 650 hivi. Kuna lingine linaitwa M67, bilioni 4 hivi. Na yale ya duara kama mpira, mafungu ya tufe, kona imeshuka chini kabisa, bilioni 12 hivi, hayo ni mazee kuliko jua na dunia mara mbili na zaidi.

Na usidhani kila kitu kinanyooka. Mwaka 1953 Mmarekani mmoja, Allan Sandage, alikuta kwa fungu la tufe la M3 nyota za bluu zinazong'aa mahali ambapo zilitakiwa ziwe zimezima zamani, kama sigiri ya hoteli inayowaka alfajiri. Kumbe nyota mbili zinaweza kuungana zikawa moja, au moja inamnyonya mwenzake gesi ikapata makaa mapya. Mi nina tatu kama hizo kwenye fungunyota ninalolifanyia kazi, na moja haijakubali kueleweka mpaka leo.

Afande dokta, niko lindo Moroto, mwezi wa sita naona upande wa kusini kitu kama nyota lakini kina ukungu, kiko juu kushoto ya Msalaba wa Kusini. Macho yangu au ni kitu? (Askari, Moroto)

Afande, una macho mazuri na uko mahali pazuri, huku Kampala taa zinatunyima hicho. Umeona Omega Centauri, fungu la tufe kubwa kuliko yote ya galaksi yetu (galaksi ni mkusanyiko mkubwa mno wa nyota, jua letu nalo limo ndani ya yetu), lina nyota kama milioni kumi na liko miaka nuru karibu 17,000. Ule mwanga ulioingia jichoni mwako lindoni ulitoka huko kabla hakuna mtu duniani aliyepanda mtama shambani.

Hakikisha hivi. Mwisho wa mwezi wa sita saa mbili usiku angalia kusini kabisa, nyosha mkono ukunje ngumi, kila ngumi ni digrii kumi hivi, panda ngumi nne toka upeo wa macho. Usiikodolee, tazama pembeni yake kidogo, itang'aa zaidi, kwa sababu katikati ya jicho hapaoni vizuri gizani. Wazungu wa zamani waliiandika kama nyota, mpaka Edmond Halley mwaka 1677 akiwa kisiwa cha St Helena akaandika kwamba hii si nyota ya kawaida. Na mwaka 2024 watu waliopitia picha za darubini ya Hubble za zaidi ya miaka ishirini walikuta nyota saba karibu na kitovu chake zinakimbia kupita kiasi, zilitakiwa ziwe zimeshachomoka zikaenda, lakini kuna kitu kinazishika. Hesabu inasema ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali mpaka hata mwanga hautoki, lenye uzito wa angalau majua 8,200. Wengi wetu tunaamini Omega Centauri ilikuwa galaksi ndogo ambayo yetu iliimeza, kikabaki kiini. Sisi hapa Uganda tuko kwa ikweta, tunaona anga la kusini na la kaskazini yote mawili, mtu wa London haioni hii maisha yake yote akikaa kwao.

Msichana wangu amemaliza S4, ati anataka nyota. Atakula nini? (Mzazi, Hoima)

Mzee wangu, nakujibu kama ningemjibu kaka yangu. Mshahara wangu unatoka kwa kufundisha, nyota zenyewe hazinilipi, na nilipokuwa naanza ofisi moja niliyoomba pesa ya masomo waliniambia usoni kwamba Uganda haina haja ya mtu wa nyota. Iliniuma miaka mingi. Lakini wale niliosoma nao wako wapi? Mmoja yuko benki anachambua data, mwingine kampuni ya simu, mwingine hali ya hewa, kwa sababu hesabu na programu tunazojifunza ndo zile zile. Wahandisi watatu wa hapa nyumbani walijenga satelaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, wakiwa Japan, ikarushwa Novemba 2022.

Achukue fizikia na hesabu S5, hesabu asiiache hata kwa dawa. Aanze Python sasa, lugha ya kuandikia programu, kwa simu hata. Digrii ya fizikia anapata Makerere au Mbarara, na pale chuo cha sayansi na teknolojia Mbarara kuna watu wa anga za juu kabisa. Baada ya hapo Cape Town kuna programu inaitwa NASSP, tangu 2003 inafundisha vijana wa Afrika astrofizikia. Agosti 2024 wanaastronomia wa dunia nzima walikutana Cape Town kwa mkutano wao mkuu, mara ya kwanza Afrika tangu umoja wao uanzishwe 1919. Nafasi zipo, si nyingi, lakini zipo, na wasichana bado ni wachache mno. Mlete aongee na mimi.

Unaweza kunisomea nyota yangu? Nimezaliwa mwezi wa kumi na moja. (Kisenyi, Kampala)

Hapana dada. Kiswahili kinatuchanganya, mnajimu ni yule anayetabiri kwa nyota na mnajimu ni huyu anayezichunguza. Mi napima umbali, uzito na umri wa nyota, na sijawahi kuona kipimo kinachogusa ndoa au biashara ya mtu. Pesa yako weka.

Jua letu lina ndugu? (Mwanafunzi wa P6, Arua)

Linao mwanangu, wengi! Jua letu lilizaliwa miaka bilioni 4.6 iliyopita, na karibu kila nyota inazaliwa katika fungu, peke yake ni nadra. Lakini mafungu yanaachana. Nyota zikipitana karibu zinavutana, nyepesi inapata kasi inachomoka, nzito inazama katikati, na galaksi nayo inavuta toka nje. Hyades niliyoitaja kule juu inaachana sasa hivi, mwaka 2019 watu wakitumia data ya Gaia waliona nyota zake zimetoka mikia miwili mirefu, mmoja mbele mmoja nyuma, mamia ya miaka nuru. Jua limezunguka galaksi karibu mara ishirini tangu lizaliwe, kwa hiyo ndugu zake wametawanyika zamani sana.

Tunawatafuta kwa damu, yaani kemia. Tunapasua mwanga wa nyota kwa rangi zake tunaona ina chuma kiasi gani, bariamu kiasi gani, kama inafanana na jua na njia yake ukiirudisha nyuma inakutana na ya jua, tunashuku. Mwaka 2014 timu ya Texas ikatangaza moja inaitwa HD 162826, iko miaka nuru 110 hivi, ni nzito kuliko jua kwa asilimia 15 hivi. Wengine hawajakubali kwamba ni ndugu kweli, na mimi bado nataka ushahidi zaidi. Kwa macho matupu huioni, ila darubini ya mkononi, ile ya kuangalia ndege na wanyama, inatosha. Mwezi wa nane jioni geukia kaskazini utaona nyota moja nyeupe inang'aa kuzidi zote upande huo, inaitwa Vega, na hiyo HD iko jirani yake, kwenye kundinyota la Hercules. Mwombe mwalimu akutafutie darubini, uhesabu nyota ndogo unazoziona hapo karibu na Vega, unitumie idadi na tarehe.